Kilale Amezidiwa

Kitabu cha kati ndicho kinachochosha, na wapenzi wa hadithi ndefu wanisamehe. Cha kwanza kina shamrashamra zake: kijana anaitwa, mlima unaanguka, watu wanakula kiapo. Cha tatu kina vita na harusi. Cha pili watu wanatembea. Wanatembea, wanaumwa miguu, wanagombania maji, wanatembea tena. Mimi nilikuwa nasoma juzuu ya pili ya Wapagazi wa Mwamba, kwa sauti, kila siku baada ya chakula cha mchana, na kuna siku nilitamani msafara mzima utumbukie korongoni tupumzike sote.

Shangazi Yusta hakuchoka hata kidogo. Alikuwa amelazwa chumba changu cha mbele, hapa Njombe mjini, mito imerundikwa mgongoni, mshono wa upasuaji wa moyo bado mbichi. Kifuani alibandikwa kipimo chembamba chenye taa ya kijani, na tuliambiwa ikigeuka njano tumpigie daktari hapohapo. Dirishani ulionekana ukungu tu, maana ulikuwa mwezi wa saba. Nikisita kidogo ananiambia, "Endelea, mwanangu, usimwache Kilale kwenye baridi." Kilale ndiye mpagazi kijana aliyebeba moyo wa mlima ndani ya kikapu, akiurudisha ulikotoka ili nchi iache kutetemeka. Shangazi alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikumlaumu.

Kitabu kilikuwa cha Obedi, mwanawe wa pekee. Yeye ndiye aliyemsomea mama yake juzuu ya kwanza yote na mwanzo wa ya pili, halafu likizo ikaisha, akarudi kazini kwenye mitambo ya upepo huko uwandani. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaubonyeza juu ya jalada mpaka likapata joto. "Sasa kinakujua wewe, dada," akasema. "Kisomee polepole. Hiki kinasikiliza."

Kwa kukitazama, kitabu kisikivu ni kitabu tu. Kina jalada, kina kurasa, ukikiangusha kinapiga kishindo. Wino ndio wenye mambo. Juzuu ya kwanza inafanana kwa kila mnunuzi. Ya pili inaanza kusikiliza: pale msomaji anapocheka, pale anapopunguza sauti, pale anaporuka sentensi kwa uvivu, nayo inajipanga kumfuata. Ya tatu haijaandikwa na mtu. Inaota ndani ya jalada lilelile kutokana na ya pili ilivyosomwa, na haifunguki mpaka ya pili iishe. Kwa hiyo hakuna nyumba mbili zenye mwisho mmoja.

Obedi alikuwa mtundu. Alizoea kumwita mama yake "bi mkubwa", hasa akiwa na kosa. "Usiwe na shaka, bi mkubwa," anasema, na Shangazi anajifanya amekasirika. Basi akamfanya Kilale naye aseme hivyohivyo kwa kila mama mtu mzima anayekutana naye njiani, na kitabu kikaokota. Mpaka mimi nakipokea, Kilale alikuwa anaongea kama binamu yangu kabisa.

*

Obedi alianguka kutoka kwenye mnara wa mtambo asubuhi moja yenye upepo. Sitasema zaidi ya hapo kwa sasa.

Daktari alituambia mshtuko unaweza kummaliza mama yake. Baba yangu, ambaye ni kaka yake Shangazi, akakata shauri: mgonjwa haambiwi. Wala hakuna aliyebisha. Kwetu habari ya msiba haitupwi mtu usoni. Aliye mbali anaambiwa baba yako anaumwa kidogo, njoo. Akifika stendi anaambiwa amezidiwa. Akiona turubai na viti uani, watu wote wananyamaza, naye anaelewa mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi siku zote niliona ni upole.

Tukamzika Obedi Lupembe, kwenye shamba la babu, mama yake yuko Njombe anaulizia simu yake. Tulimwambia mtandao umeharibika huko uwandani. Majirani wakaonywa. Wanawake waliotoka matangani walivua kanga nyeusi jikoni kwangu, wakavaa za maua, ndipo wakaingia kumjulia hali. Baba alinyolewa nywele kama ilivyo desturi ya ukoo wetu, kwa hiyo akawa anaingia na kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kwa baridi ile nani angemshangaa?

Siku niliyorudi kutoka mazikoni, miguu bado ina udongo wa Lupembe, Shangazi alikuwa ananisubiri na kitabu mapajani. Nikakaa, nikasoma. Maadui walikuwa wameuvamia msafara jioni iliyopita, mkuki ukampata Kilale kwenye pafu. Jicho linatangulia mdomo, kila msomaji analijua hilo, na jicho langu likaona mstari uliofuata: Kilale akafa kabla mvua haijafika.

Mdomo ukasema, "Kilale akazidiwa kabla mvua haijafika."

Sikupanga. Wiki nzima mdomo wangu ulikuwa umezoea kusema hivyo. Neno "akafa" likapauka mbele ya macho yangu, likaondoka kama mvuke unavyoondoka kwenye kioo, na "akazidiwa" likakaa mahali pake, jeusi, limenyooka.

"Amezidiwa?" Shangazi akauliza.

"Eeh, Shangazi. Amezidiwa."

Akanitazama kwa muda. "Maskini," akasema. "Basi tuache leo, apumzike."

*

Kesho yake kitabu kilikuwa kimenenepa.

Nilidhani ni unyevu. Nikafungua pale tulipoishia, nikakuta kurasa ambazo hazikuwepo, na zote zilikuwa chumba kimoja. Kilale amelala kwenye pango, ngozi ya kondoo mwilini, mkuki umeshatolewa, pumzi inaingia na kutoka kwenye tundu la kifua. Nje ya pango msafara umesimama kwenye ukungu. Watu elfu, mizigo vichwani, hawakai, hawali, hawasemi. Ng'ambo ya korongo maadui nao wamesimama, mikuki imeinuliwa, wanangoja. Nikafunua ukurasa: Kilale amelala. Nikafunua mwingine: Kilale amelala. Hakuna aliyetua mzigo.

Nikasema hapana, mimi ndiye msomaji bwana, nitamponya. Nikasoma kwa sauti ya furaha maneno ambayo hayakuwepo. "Kilale akaamka, akaomba ugali, akala."

Wino ukanikubalia. Yakaandikwa yote. Kisha chini yake, bila mimi kufumbua mdomo, mstari mwingine ukajichora: Chakula hakikushuka. Kilikaa kooni kama kilivyowekwa, na Kilale hakujua la kukifanya.

"Akasimama," nikasema haraka, "akatembea mpaka mlangoni."

Akasimama. Akatembea. Mimi ni nani ninayetembea, akauliza, mbona miguu siisikii?

Nikafunga kitabu. Shangazi alikuwa amefumba macho, nikashukuru, nikidhani amesinzia.

*

Niliwapigia simu waliokichapa. Alipokea dada wa huduma kwa wasomaji, jina lake Mwajabu, sauti nzuri ya mtu aliyezoea kulaumiwa. Nikamweleza. Akaniuliza nimebadilisha nini, nikamwambia neno moja. Neno gani? Nikamtajia.

"Unapiga kutoka wapi, dada?"

"Njombe."

Akashusha pumzi. "Msomaji asiyetaka kifo huwa anafunga kitabu, au anasema kijana amepona hata kabla hajachomwa. Hayo tuliyafikiria. Wewe umekilainisha kifo chenyewe. Hilo hatukulitengenezea njia."

"Kwani kuna nini cha ajabu? Nimesema amezidiwa."

"Kitabu kinamwamini msomaji, kwa hiyo amezidiwa. Lakini mkuki kwenye pafu uliusoma kama ulivyo, kwa hiyo kupona hawezi. Na kufa hujasema. Kinatafuta hatua inayofuata, hakiipati, kinaanza tena. Ndiyo maana kinanenepa. Kikikosa mfano wa nini kifanyike kwenye chumba cha namna hiyo, kinachukua kutoka chumba kinachokisikia."

"Anaumia?" nikauliza.

"Ili kiandike maumivu, lazima kiyapime ndani ya yule mtu, kidogo kidogo. Hapa ofisini tunasema kupima si kuhisi."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nyumbani sina tena kitabu kisikivu, dada," akasema.

Akanipa njia mbili. Nirudi kwenye ukurasa ule niseme kilichokuwepo, kwa mdomo wangu mimi, maana ndio kinaoutambua. Au nikizime kabisa wanitumie kingine. Nikamuuliza kama hicho kingine kitakuwa na maneno ya yule aliyeanza kukisoma, yale aliyokifundisha kwa utani. Akasema hapana, hicho kitakuwa hakijawahi kumsikia.

*

Baba nilimkuta jikoni anaota moto wa jiko la mkaa, kofia kichwani. Nikamwambia.

"Msomee Zaburi," akasema.

"Anataka hiki."

"Basi mwacheni huyo kijana wenu alale. Kulala kwake kumemuua nani?"

"Hakuna, Baba. Hilo ndilo tatizo."

Akachokoa makaa na kijiti. "Mpaka arobaini. Kifua kitakuwa kimefunga. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Ulisema mpaka nyuzi zitolewe. Nyuzi zimetolewa."

"Edina." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nimebakiwa na dada mmoja."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kukifungua kitabu peke yangu, wakati wa kuosha vyombo, kutafuta mahali Kilale anaposema bi mkubwa. Nilikuwa nasimama pale mikono ina povu, nasoma mstari mmoja, nafunga. Sauti ya binamu yangu ilikuwa imebaki humo tu. Nilikuwa nammisi, na kila nikifungua nilijua kuna mtu humo anapimwa uchungu ili mimi nipate mstari wangu.

*

Siku zilizofuata nilimsomea Shangazi uongo. Nilikuwa naruka kurasa za pangoni, natunga safari. Nilijua zimeandikwa nini, ndiyo maana niliruka.

"Hapo umetunga," akasema siku moja, macho yamefumbwa.

"Sijatunga."

"Kilale hasemi 'ama kwa hakika'. Mtoto gani anasema hivyo? Soma kilichoandikwa, Edina."

"Shangazi, hakipendezi."

"Sikukuambia nisomee cha kupendeza."

Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye nondo za dirisha. Nikasoma.

"Wakaja wanawake. Mlangoni walivua nguo nyeusi wakavaa za maua, kisha wakaingia wakicheka. Wakamwambia, leo unaonekana vizuri. Akaingia mzee mwenye kofia iliyofunika nyusi, akakaa mbali na kitanda, akazungumzia mvua. Kilale akauliza habari za nyumbani, wakasema njia zimeharibika, hakuna habari zinazopita. Walipotoka alisikia nyayo zao zikisimama nyuma ya mlango, na hazikuondoka mpaka aliyekuwa akilia alipomaliza."

Nilikuwa nawasikia wale wanawake kwa majina. Mama Tabitha wa nyumba ya pili ndiye aliyecheka kupita kiasi.

"Huyo mzee," Shangazi akasema. "Chini ya kofia nywele zake zikoje?"

"Hakijasema."

"Hakijasema," akarudia. "Endelea."

Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu karibu wote. Katikati kulikuwa na maneno machache, na niliyaona yakijichora taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayeandika na mkono dhaifu.

"Kilale akautazama mlango. Usiwe na shaka, bi mkubwa, akasema. Niambie tu. Mbona mnanizungumzia kama sipo?"

Shangazi alivuta pumzi kwa nguvu. Nikatazama taa kifuani, ilikuwa bado ya kijani.

"Mwambie," akasema.

"Nikimwambia atakufa."

"Si ameshakufa?"

Nilishindwa kunyanyua uso. "Umejua lini, Shangazi?"

"Siku ileile uliponiambia amezidiwa. Mimi ni mtu wa hukuhuku. Unafikiri nimewaambia watu wangapi kwamba mtu wao amezidiwa? Marehemu dada yangu Atuganile nilimpokea stendi mimi mwenyewe, namshika mkono, namwambia mume wake amezidiwa, na jeneza limeshafika nyumbani. Nikaona ninamsaidia." Akanyoosha kidole kwenye kitabu. "Sasa huyu yuko upande wa pili wa mlango, anaeleza kulivyo huko. Nami nimelala upande huohuo na yeye, nawasikia mnasimama nje."

"Nikimwambia, hatasema tena bi mkubwa. Hakuna kitabu kingine chenye maneno hayo. Nimeuliza."

Akageukia ukutani, na mimi sikumgusa kwa sababu sikujua kama nina haki. Kisha akarudisha uso.

"Nisomee tena pale anaponiita."

Nikasoma. Usiwe na shaka, bi mkubwa.

"Tena."

Nikasoma tena, na safari hii niliyasoma kama Obedi alivyokuwa akiyasema, kwa kuvuta neno la mwisho, na Shangazi akatoa ile sauti yake ya kujifanya amekasirika. Ilimtoka yenyewe.

"Haya," akasema. "Inatosha. Anateseka mtoto wa watu."

Nikarudi nyuma, kurasa kwa kurasa za pango lilelile, mpaka nikafika pale. Neno lilikuwa linaningoja. Mdomo ulikuwa mzito kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa naimba tu na wenzangu. Nikasema, "Kilale akafa kabla mvua haijafika."

Jalada likapata joto mikononi mwangu, kama siku Obedi aliponibonyeza kiganja, halafu likapoa. "Akazidiwa" likapauka. Kurasa za pango zikaanza kuwa nyeupe, na kitabu kikanywea mikononi mpaka kikawa na unene wake wa zamani. Chini ya neno langu mistari mingine ikajitokeza nami nikaisoma kadiri ilivyokuja: watu elfu kwenye ukungu wakatua mizigo. Wakalia kwa sauti, wote kwa pamoja, hata waliokuwa ng'ambo ya korongo wakashusha mikuki. Wakamwosha Kilale, wakamzika ubavuni mwa njia, na mama mmoja wa makamo akajitwika kile kikapu chenye moyo wa mlima. Mvua ikaja. Wakaanza kutembea.

Kumbe kutembea nako kunapendeza. Sikuwahi kufikiri nitafurahi kuwaona watu wale wakitembea.

Mlango ulifunguka kidogo. Ni Baba, ameshika kikombe cha uji, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amekuwa hapo nje muda mrefu.

"Kaka," Shangazi akasema, "vua kofia."

Uji ulimwagika kidogo sakafuni. Baba alinitazama mimi, akamtazama dada yake, akaweka kikombe chini kwa uangalifu mwingi. Akavua kofia. Kichwani nywele zilikuwa ndizo zinaanza kuchomoza, nyeupe, fupi, za mtu aliyenyolewa si zamani. Shangazi alikitazama kile kichwa bila kupepesa macho.

"Sasa nisomee na wangu," akaniambia. "Kuanzia mwanzo. Na usinilainishie."

Kwa mazoea nikainamia kitabu. Humo hapakuwa na cha kunisaidia, nikakifunga, nikakiweka kando.

"Obedi amekufa, Shangazi," nikasema. "Ilikuwa asubuhi, kulikuwa na upepo."

Taa kifuani pake ikapepesa, ikageuka njano. Baba akakimbilia simu iliyokuwa mezani. Shangazi akamdaka mkono, akaung'ang'ania, na kwa mkono mwingine akanishika mimi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vina nguvu.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Usimwache Obedi kwenye baridi."